Beti Saba Mbele ya Mzinga wa Tatu

Shangazi aliniachia mizinga yake sita kwa wiki mbili, akaniagiza niipime utitiri, wale wadudu wadogo wanaowanyonya nyuki. Mimi, malenga niliyejifundisha mwenyewe, nikaona kupima ni kazi ya wasio na macho. Nikakaa mbele ya mzinga wa tatu nikatunga beti saba kuhusu nyuki wanaocheza ngoma mlangoni.

Aliporudi nikamsomea kwa madaha yote. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, hao hawachezi. Mabawa yamejikunja, hawawezi kuruka. Hivyo ni virusi, na utitiri ndio wanaovisambaza. Lete sukari ya unga."

Akachota nyuki nusu kikombe, akawatia kwenye chupa yenye mfuniko wa wavu, akanyunyiza sukari ili utitiri wateleze, na kuwaviringisha nyuki taratibu.

"Karatasi nyeupe iko wapi?"

Nilikuwa na moja tu, ile yenye beti zangu. Akaigeuza. "Afadhali huku. Hakuna uongo."

Akatikisa chupa. Utitiri kumi na wanane wakadondoka, wekundu, wakitambaa.

"Mzinga huu umeshaathirika sana. Mingine kapime wewe, malenga, tujue ya kuokoa."

Nikaipima yote mitano, nikamsomea hesabu. Ndiyo kazi yangu pekee ambayo shangazi amewahi kuniomba niisome tena.