Mjusi Anaandika

Kila asubuhi Gundi ndiye aliyelichokoza kundi la simuni.

"Jamani, vidole vimeisha ngozi. Nimeshika kikombe cha chai nikaruka kama nimeng'atwa."

"Paka mafuta uache kudeka," akajibu Mwenyekiti.

"Nani anadeka? Wewe juzi ulikwama kwenye ule ufa ukaanza kumwita mama yako."

"Nilimwita kwa heshima zote."

Vikafuata vikaragosi vya kucheka, vingi, vimepangana kama meno.

Mama aliyasoma hayo akiwa nyuma ya meza yake ya kupigia pasi, simu ya marehemu mwanawe ameiegemeza kwenye chupa ya kunyunyizia maji. Chumba cha dobi kilijaa mvuke. Shuka za hoteli zilitoka kwenye mashine zimejisokota, yeye akazinyoosha, akazikunja, akazifunga marobota kwa kamba ya katani. Mikono ilijua kazi yake. Macho yalikuwa kwenye kile kioo cha simu chenye ufa.

Mpaka mwanawe anafariki, mama hakujua kwamba kuna watu wazima, wenye kazi zao na akili zao timamu, wanaoamka Jumamosi kwenda kung'ang'ania ukuta wa jiwe kwa ncha za vidole, kisha washushwe kwa kamba. Mwanawe alikuwa fundi wa vioo vya madirisha, na Jumamosi zote alimwambia yuko kazini. Aliyemtoa gizani ni askari, aliyekuja mlangoni na habari mbaya na begi: viatu vidogo vya kubana, kifuko cha unga mweupe, na simu. Ule unga ulimtia hofu hadi alipoelezwa kuwa ni chaki ya kukausha viganja.

"Kamba ilikatika?" alimuuliza.

"Kamba ni nzima, mama. Ilifunguka kiunoni kwake."

"Ilifungukaje?"

Askari alitazama kofia yake. "Ni ajali, mama."

Neno hilo alilisikia hadi likaota kutu. Msibani vijana wa kundi walikuja wakakaa kwenye viti vya plastiki, vichwa vimeinama, vidole vina magamba, na kila aliyemuuliza alimjibu ajali. Basi akaifungua simu. Mchoro wa kuifungua aliujua, kwa sababu mwanawe hakuwahi kuuficha mbele yake. Ndani akakuta kundi linaloitwa Kucha na Mwamba, na humo mwanawe jina lake ni Mjusi. Mama akajibanza kimya, akisoma, akingoja mtu ateleze ulimi aseme kamba ilifungukaje.

Wiki zikapita na alichoambulia ni soga. Watu walibishana kama viatu vinunuliwe vya kubana au vya kubana zaidi. Walitumiana picha za mawe jinsi watu wengine wanavyotumiana picha za watoto. Aliwazoea. Mwenyekiti alikuwa fundi pikipiki, ndiye aliyelianzisha kundi. Gundi alikuwa kinyozi, mdomo haupumziki. Halafu kulikuwa na Shangazi, mwalimu wa hesabu, binti mdogo tu aliyebandikwa jina hilo kwa sababu ya kugomba: mmekula? mmebeba maji? kofia ngumu ziko wapi? Kwenye ujumbe wa zamani aligomba kutwa nzima. Tangu msiba hakuwa ameandika hata nukta. Mama aliliona hilo mapema, akaliweka kiporo.

Siku hiyo, baada ya Gundi na vidole vyake, akaingia Kinda, kijana mgeni aliyekuwa ndio kwanza anajifunza.

"Wakubwa, samahani, swali la kijinga. Jana anayenifundisha alinifokea mbele za watu kwa sababu nilipokea simu wakati najifunga kamba. Kosa langu liko wapi? Nilikuwa bado niko chini!"

Hakuna aliyecheka. Mama akasimamisha pasi yake wima. Juu ya kioo yakatokea maneno: Mwenyekiti anaandika. Yakapotea, yakarudi.

"Sikiliza, mdogo wangu," Mwenyekiti akaandika hatimaye. "Fundo letu linafungwa kwa awamu mbili. Unalifunga nusu, unapitisha kamba kwenye mkanda wa kiunoni, halafu unairudisha kwa njia ileile mpaka fundo likamilike. Ukikatizwa katikati, mkono unasahau. Jicho linaona kamba imepita kwenye mkanda, linaridhika. Na utapanda vizuri tu, maana ukiwa unapanda kamba haijabeba uzito wako. Ni ukifika juu, ukasema nishushe, ukajiachia, ndipo inachomoka. Kwa hiyo mtu akiwa anafunga fundo hasemeshwi. Nyumba inaungua, hasemeshwi."

"Duh. Imewahi kutokea kweli?"

"Muulize Shangazi," akaandika Gundi.

Mama akashika ukingo wa meza.

Jumamosi ile ya ajali alimpigia mwanawe wakati wa mapumziko ya chai. Alikuwa anautafuta ufunguo wa stoo ya nyumbani. Mwanawe alipokea, sauti imebanwa, kama ya mtu aliyeshikilia simu kwa bega.

"Mama, kuna kitu nafunga hapa. Nikupigie?"

"Funga huku unaongea. Kwani unafunga kwa mdomo?"

Alicheka. Alikuwa na kicheko cha kupitia puani, hadi leo anakisikia. "Kuna mwenzangu ananikodolea macho, mama. Anataka niache simu."

"Mwambie ni mama yako."

Na kweli alimwambia. Mama alisikia kwa masikio yake: "Ni mama yangu bwana, ngoja." Baada ya hapo akamwagiza mwanawe akumbuke vizuri, stoo aliifunga nani, ufunguo aliuacha dirishani au juu ya kabati, na mwanawe akakumbuka moja baada ya jingine, taratibu, kwa adabu, mpaka mama aliporidhika na kukata simu. Ufunguo alikuja kuuona jioni. Ulikuwa mfukoni mwa aproni yake mwenyewe.

"Dada!" akaita mpiga pasi wa meza ya pili. "Shuka zako zinarundikana huku!"

"Naziona."

Kwenye kioo, Shangazi alikuwa amezungumza.

"Ndiyo, Kinda, imetokea. Niliyekuwa nashika kamba ya Mjusi ni mimi. Nilimsemesha akiwa anafunga fundo. Na sikumkagua kabla hajapanda. Umejibiwa."

"Ulimsemesha nini, mwalimu?" akauliza Gundi. "Tuambie na sisi tucheke."

"Mambo ya kawaida."

"Mambo ya kawaida. Mtu kazikwa kwa ajili ya mambo ya kawaida."

"Gundi, taratibu," akaandika Mwenyekiti. Kisha: "Lakini hili tumelizungushazungusha vya kutosha. Mimi naona Shangazi asishike tena kamba ya mtu, na humu kundini atoke. Mwenye kupinga aseme sasa, kabla sijamtoa."

Hakuna aliyesema.

"Nitoe tu," akaandika Shangazi.

Mama aliyasoma maneno hayo mara ya pili. Alimkumbuka sasa. Msibani kulikuwa na binti mwembamba aliyeosha vyombo tangu asubuhi hadi watu wakaondoka, na kila mama alipopita karibu aliinamia beseni. Yeye mama alimdhania ni mchumba, akamwonea huruma. Kumbe binti alikuwa na sentensi moja mdomoni, fupi tu, ya kumtosha kujivua lawama yote mbele ya wenzake, mbele ya askari, mbele ya mwenye msiba. Aliimeza. Na bado alikuwa anaimeza.

Walioyajua mazungumzo yale ya Jumamosi walikuwa wawili tu duniani, yeye na binti. Mama angeweza kuizima simu ya mwanawe, akairudisha begini pamoja na vile viatu, akaendelea kuwa mama aliyeuliwa mwana na uzembe wa watu. Kwenye nafasi hiyo watu humletea mtu chai, humshika bega. Aliyasoma tena: nitoe tu.

Akaanza kuandika kwa kidole kimoja.

"Samahani," akaingia Kinda. "Mjusi ni yule marehemu, siyo?"

"Ndiye," akajibu Mwenyekiti.

"Naona hapa Mjusi anaandika."

"Dogo, usilete masihara," akaandika Gundi.

"Naapa. Tazama juu."

"Mungu wangu," akaandika Gundi.

"Simu yake anayo nani?" akauliza Mwenyekiti. "Nani anayo hiyo simu?"

Mama alifuta, akaanza upya. Kidole kilikuwa na maji, herufi zikakimbia. Akajipangusa kwenye aproni.

"Mimi ni mama yake. Huyo binti hakumsemesha. Aliyekuwa anaongea naye ni mimi, kwenye simu. Alitaka kukata nikamkatalia. Binti alimwonyesha kwa macho kwamba aache simu, mimi nikasema mwambie ni mama yako. Nilikuwa natafuta ufunguo. Msimtoe."

Akautuma.

Alama za kusomwa zikabadilika rangi: wote walikuwa wameusoma. Gundi akaanza kuandika, akaacha. Akaanza tena, akaacha. Mwenyekiti hakuonekana kabisa.

Kisha Shangazi akaandika: "Mama, kukagua ilikuwa kazi yangu. Nilitazama nikaona kamba imepita, nikasema twende. Hilo ni langu."

Mama alifikiri kidogo. Alitamani kumwambia si lake, kama watu wanavyoambiana msibani. Hakuweza.

"Hilo ni lako," akaandika. "Hili ni langu."

Akairudisha simu kwenye chupa, akayarudia marobota. Shuka zilikuwa zimeshapoa. Akazipanga, akazigandamiza kwa goti, akazungusha kamba ya katani. Ncha moja ilikuwa imepita na nyingine bado, simu ilipoanza kuita. Jina la Shangazi likawaka kwenye kioo. Chupa ikatetemeka, maji ndani yakacheza.

Mama hakugeuza kichwa. Akapitisha ncha ya pili, akairudisha kwa njia ileile, akavuta hadi kamba ikamuuma viganja. Akaliinamia fundo. Akaligeuza upande huu na upande ule, akalivuta tena.

Alipoinuka, simu ilikuwa imenyamaza. Mwenzake wa meza ya pili alikuwa anamtazama, shuka imening'inia mkononi.

"Imeita weee mpaka imechoka. Mbona hupokei?"

"Nilikuwa nafunga," alisema mama.