Kila Kitu Kilikuwa Kushoto

Fundi viatu alikuwa na mlima mmoja wa kujivunia, na mlima wenyewe aliupanda kwa mdomo tu. Miaka nenda rudi, huku akigongea misumari visigino vya watu, alieleza njia ya kwao, walikohamishwa utotoni: jabali lenye ufa, mkono wa kushoto, maporomoko madogo ya maji, kushoto, mti uliopigwa radi, kushoto vilevile. Wateja waliijua njia hiyo kuliko bei zake.

Aliyeijua kwa miguu alikuwa dada yake. Kila mwaka dada alimwambia, "Twende kwetu, mdogo wangu, tungali na nguvu," naye akajibu, mwakani. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Dada alizikwa mjini, na fundi akajua kwamba asipokiona yeye kile kiwanja cha nyumba yao, basi hakuna mwingine atakayekiona. Akafunga kibanda, akafuatana na mkewe.

Walipanda tangu asubuhi, shingo zimepinda kushoto. Kushoto palikuwa na korongo na ukungu, basi. Jua lilipofika utosini fundi aliketi kwenye nyasi. Kiatu chake kilikuwa kimeachama mbele, maana mganga hajigangi.

"Mama watoto," akasema, "nimepotea kwetu."

Mkewe alikuwa na ulimi wa pilipili, lakini siku hiyo aliupunguza makali. "Hebu nieleze, baba. Huu mlima wenu una upande mmoja? Mbona kila kitu kushoto?"

"Si nilikuwa mgongoni kwa dada! Sikio la kulia lilikuwa linaniuma, nikalilaza mgongoni kwake lipate joto. Nikawa naona kushoto tu."

"Siku ile mliyohamishwa?"

"Siku ileile. Sijapita tena."

"Basi mlikuwa mnashuka, mume wangu. Sisi tunapanda."

Fundi akageuza shingo kulia, akatazama walikotoka. Jabali lilikuwa pale chini kidogo, na ufa wake. Walikuwa wamelipita wakibishana juu ya maji ya kunywa. Mkewe akacheka mpaka akashika mbavu, naye akacheka, macho yamemlowa.

Kuanzia hapo mlima ukamfungukia. Maji yalikuwa yanaporomoka kama alivyoyaacha. Mti wa radi ulikwisha kuanguka, ila kisiki kilikuwapo, cheusi. Mwishowe wakatokea penye uwanda mdogo, na katikati ya nyasi mafiga matatu yamezama udongoni. Fundi akapiga hodi, ingawa mlango haukuwapo.

Mkewe alisimama ukingoni akiutazama mteremko walioupanda. Ulikuwa wa kutambaa, si wa kutembea.

"Wifi alikuwa na umri gani?"

"Tisa. Akizidi sana, kumi."

"Akakubeba mpaka chini kabisa? Alikutua wapi apumzike?"

Fundi akafikiri. Alikumbuka jasho la dada, joto kwenye sikio, na ule mgongo mwembamba uliokuwa ukitikisika. Siku zote alidhani ni mwendo. Sasa alijua mtoto yule alikuwa akilia, tena akilia kimyakimya ili mdogo wake asisikie.

"Hakunitua," akasema. "Sikumbuki kukanyaga chini."

Hapo ndipo alipomlilia dada yake, kile kilio ambacho msibani kilikataa kutoka.