Mikono Ambayo Haijabatizwa

"Si mate, si maziwa. Ni maji," alisema Muzee Onésime, katekista, akipaza sauti ili ishinde mngurumo wa silaha nzito uliotoka upande wa Sake. "Na mutu akikaribia kufa, yeyote anaweza kumubatiza."

"Hata miye, papa, mwenye sijabatizwa bado?" aliuliza Kaswera.

"Hata weye. Kama unataka kufanya kile Kanisa linafanya."

Wanafunzi wenzake walicheka, na Kaswera akacheka nao, ingawa umri wake ulikuwa umepita wa kuchekwa. Vita vilikuwa vimemkatiza mafundisho ya ubatizo huko kijijini kwao, Kalengera, akakimbia na nguo alizovaa. Sasa alichota maji ziwani na kuyauza Goma mlango kwa mlango, huku akingoja Pasaka abatizwe.

Mngurumo ukasogea. Muzee Onésime akafunga madirisha, akawaambia waende nyumbani.

Kaswera alipitia ziwani kwanza. Siku kama ile, mwenye maji ndiye anayeweza kujifungia nyumbani. Alipopanda na bidoni lake lililojaa maji mgongoni, maduka ya mtaa wa Birere yalikuwa yamefungwa na hakuna pikipiki hata moja iliyopita. Ukimya ule ulimtisha kuliko mabomu.

Mlangoni pake alisikia jirani yake Jolie akimwita. Alimkuta sakafuni, amejifungua kabla ya wakati. Mirindi, mumewe, alikuwa ametoka asubuhi kutafuta mkunga, na hakurudi. Mtoto alikuwa mdogo kama njiwa, midomo ya buluu, akivuta pumzi kwa kusitasita, kana kwamba anauliza kama inafaa.

"Mubatize, mama. Asiende hivi."

"Acha nimwite Muzee Onésime."

Bomu lilianguka karibu. Mabati yakatetemeka, vumbi likawashukia wote watatu.

"Hakuna mutu atakuja," alisema Jolie. "Ni weye tu."

Kaswera alitazama viganja vyake, vilivyokauka na kupasuka kwa kamba ya bidoni.

"Nitamupa namna gani kitu chenye miye mwenyewe sina?"

"Si chako, mama. Ni cha Mungu."

Alichota maji kwa kikombe cha bati, akampakata mtoto kwenye mkono wa kushoto.

"Jina lake?"

"Alliance."

"Alliance, ninakubatiza kwa jina la Baba," akamwagia maji kichwani, "na la Mwana," akamwagia tena, "na la Roho Mtakatifu."

Maji ya Ziwa Kivu yalikuwa baridi. Mtoto alikunja uso, akapiga chafya, akalia, kilio chembamba kisichofika hata mlangoni. Jolie akanyoosha mikono.

Huko nje milio ilikoma ghafla. Kisha buti nyingi za askari zikasikika zikikanyaga mawe ya lava, taratibu, zikisimama kwenye kila mlango. Kaswera alimrudisha mtoto kifuani mwa mama yake, akasimama kati yao na mlango, mikono yake ikichuruzika maji.