Mjomba Hajaita

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Kijijini Mnyuzi, mgeni alikuja, mwenyeji akaugua. Mgeni alikuwa kengele ya umeme, nyeupe, ndogo kama kisahani, iliyofungwa juu ya mlango wa ofisi ya shule. Mwenyeji alikuwa kipande cha reli kilichoning'inia mkwajuni tangu enzi za mababu. Wanakijiji walikiita Mjomba, maana kwao mjomba akiita wapwa, hapuuzwi.

Mwalimu Yusra ndiye aliyeishangilia kengele hiyo kuliko wote. Mzaliwa wa Korogwe mjini, aliona haya kufundisha mahali panapogongwa chuma kwa nondo. Lakini kengele ililia kama nzi aliyenaswa chupani, na sauti yake ikaishia kwenye ua wa michongoma. Ng'ambo ya ua, mahindi yalinong'ona kama watu wanaoongea usingizini. Akina mama, waliozoea kusikia mlio wa pili wakaweka majembe chini na kuja kupika uji wa watoto, hawakuja tena.

Mwalimu Mkuu Bonaventura aliwafuata shambani, Yusra nyuma yake.

"Mbona mmetutupa, mama zangu?"

"Mjomba hajatuita, mwalimu," akajibu Bi Mwantumu.

"Huyo mjomba ni nani hata awazuie? Mwambieni aje ofisini kwangu kesho asubuhi!"

Walicheka hadi wakaegemea majembe. "Aje kwa miguu ipi, baba? Si yule pale mkwajuni, umemfunga ulimi mwenyewe!"

Bonaventura alikunja uso. "Simu si mnazo?"

"Simu humwita mtu mmoja. Mjomba hutuita sote."

Aligeuka akaondoka, akiapa kwamba shule haiendeshwi kwa chuma chakavu. Yusra naye alikuwa amecheka, ila njiani aligeuka mara mbili kuutazama mkwaju.

Kesho yake, darasa la kwanza, Upendo alilaza kichwa juu ya dawati.

"Unaumwa, mwanangu?"

"Hapana, mwalimu. Naota uji."

Yusra aliweka chaki chini. Alijua darasa la saba walikuwa kwenye mtihani wa majaribio, alijua na amri ya ukimya. Hata hivyo miguu ilimbeba, kana kwamba ni ya mtu mwingine, hadi mkwajuni. Akaokota nondo. Pigo la kwanza liliangusha vumbi na kutu. La pili likaruka michongoma, likavuka njia ya reli, likateremka hadi kwenye ukungu wa mto Pangani, na bonde zima likawa kama mtu anayejigeuza kitandani. Mlio ulimtetemesha meno. Kisha ndani ya mahindi ikachomoza kanga moja, ikachomoza nyingine, kuni kichwani.

Alasiri, mbele ya kamati ya shule, Bonaventura alisimama akamgeukia Yusra.

"Mtihani umevurugika, nao watoto wale walijiandaa mwaka mzima. Waombe radhi, uiombe na kamati hii, yaishe. Ukikataa, nitapendekeza uhamishwe."

Alikuwa na haki yake, na Yusra aliijua. Alitazama dirishani. Upepo haukuwepo, lakini Mjomba alikuwa bado anayumba kidogo, na harufu ya uji ilikuwa haijatoka shuleni.

"Mtihani nitausimamia upya Jumamosi, bila posho," alisema. "Radhi siombi."