Baba Ngoja Anaulizwa Swali

Walimu ni watu wa ajabu. Mpe mwalimu kiti, atakaa. Mpe chai, atakunywa. Lakini mpe kimya, atakijaza kabla hujapepesa jicho. Bi Kengele alilijua hilo vizuri, maana alifundisha miaka mingi, akawa mwalimu mkuu miaka mingine, na jina lenyewe alibandikwa na wanafunzi kwa sababu ya sauti yake, iliyokuwa ikivuka uwanja wa shule bila msaada wa chuma wala nyundo. Sasa alikuwa amestaafu. Magoti yalikuwa yameanza kumgomea, ila sauti ilikuwa bado kazini.

Asubuhi hiyo aliingia nyumba ya mapadri kwa mlango wa jikoni, chupa ya supu mkononi, kwenda kumjulia hali mzee wao. Alimkuta Sista muuguzi akisugua sufuria kwa hasira, kana kwamba sufuria ndiyo iliyomkosea.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele, amina. Pita tu, dada. Wenzako wameshajaa huko, chumba cha mgonjwa kimegeuka ofisi ya walimu. Na leo kuna neno."

"Neno gani tena?"

"Kajionee mwenyewe. Mimi nikisema, mtaniambia sijui kitu."

Mzee wao alikuwa Padri, na mji mzima ulimwita Baba Ngoja. Alipofika mjini pale, kijana mwenye nywele nyeusi na viatu vilivyotoboka, shule zilikuwepo ila walimu hawakuwepo. Yaani watu wa kusimama mbele ya ubao walikuwepo: fundi cherehani aliyejua kusoma, mzee wa kanisa aliyejua kuhesabu, na fimbo iliyojua kila kitu. Padri aliyazunguka madarasa hayo, akakaa nyuma kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu, akasikiliza. Kisha akasema kinachokosekana si shule nyingine, ni mahali pa kumfundisha mwalimu kabla hajaachiwa watoto wa watu. Hakuna aliyewahi kufanya jambo hilo katika sehemu zile. Mapadri wenzake, waliokuwa wakishindana kujenga minara ya kanisa, walimcheka wakachoka. Yeye akaomba ghala la nyuma ya kanisa, akatoa mifuko ya saruji, akapachika ubao, akaita vijana, wa kiume kwa wa kike. Hilo la wa kike nalo lilizua maneno. Akayaacha yazae maneno mengine, yeye akaendelea kufundisha.

Na somo lake kubwa halikuwa hesabu wala sarufi. Ukishauliza swali, alisema, peleka mkono wenye chaki nyuma ya mgongo, funga mdomo, ungoje. Mtoto yuko njiani anatafuta. Ukimpa jibu umemwibia. Vijana waliteseka kwa somo hilo kuliko kwa mtihani wowote. Yule aliyekuja kuitwa Mwalimu Hesabu alijing'ata ulimi mpaka akatoka damu, na hata hivyo jibu likamponyoka.

"Baba," walimtania, "ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Tumbo la mwalimu," akajibu Padri. "La mtoto halina neno."

Jina likamganda hapo. Ghala likawa chuo, chuo kikatoa walimu, walimu wakaenea kila kona, na wengi wao wakazeeka wakiwa bado wanamwita Baba.

Halafu kiharusi kikampiga. Mguu ulirudi, mkono ulirudi kwa shida, lakini maneno yalibaki njiani. Ukimsalimu "Tumsifu Yesu Kristo" alijibu "Milele, amina" bila kukwama, kwa kuwa ulimi ulishayazoea maneno hayo. Yale ya kwake mwenyewe, ya kutunga papo hapo, ndiyo yaliyokuja kwa taabu, moja moja, kama wazee wanaopanda ngazi. Na watoto wake hawakuweza kuvumilia kumwona anahangaika. Walimpenda mno. Padri akianza "Ma...", chumba kizima kiliruka: "Maji! Baba anataka maji!" Basi maji yakaletwa, na Padri akayanywa, kwa adabu. Pengine alitaka maziwa. Pengine alitaka mashuka yabadilishwe. Siku zikaenda, naye akapunguza kuanza, na mwishowe akaacha kabisa. Wakasema anazidiwa, masikini, wakazidisha supu.

Sasa Bi Kengele aliposukuma mlango alikuta watu wamesimama mpaka dirishani, wote wakisema kwa pamoja. Padri alikuwa katikati, kwenye kiti chake cha mbao, blanketi magotini. Mbele yake alisimama paroko kijana, kofia mkononi, uso wa mtu aliyetumwa na anatamani asingetumwa.

"Shikamooni wazee wangu, nisikilizeni tafadhali," paroko alikuwa akisema. "Mimi nimeleta swali la Baba Askofu, basi. Kuna nyumba ya mapadri wazee kule mji mkuu. Ina hospitali, na kuna mtu ambaye kazi yake ni kuwafundisha waliopatwa na kiharusi kusema upya. Kesho baada ya misa ya asubuhi gari linaondoka. Baba Askofu amesema mzee si mzigo wa kupakiwa; aulizwe mwenyewe, aende au abaki. Asipojibu, basi Baba Askofu ataamua kwa niaba yake. Na mimi sijapata jibu."

"Jibu si hilo tunakupa!" Mwalimu Hesabu alifoka. "Anabaki! Mtu hatolewi nyumbani kwake akapelekwa kwa wageni. Sisi ni watoto wake. Tutapeana zamu."

"Zamu za supu," Sista alisema kutoka mlangoni, mikono ikidondosha povu. "Dawa ninampa. Maneno siwezi kumpa mimi, na nyinyi hamuwezi."

"Sista, usituingilie."

"Nisiwaingilie? Chumba hiki nani anakipiga deki?"

Hapo Bi Kengele hakujizuia. Alishikwa na hofu kabisa, hofu ya mtoto anayesikia kuwa mzazi anasafiri. Kila alipopatwa na jambo, tangu ujana wake, alikuja kwenye nyumba hii. Hapa ndipo alipoleta habari za ndoa, za msiba, za kupandishwa cheo. Wakimchukua, mlango wa jikoni utakuwa mlango tu. Akaifungulia ile sauti yake, vioo vikatetemeka.

"Padri haendi popote! Mwambie Askofu, mwanangu, kwamba Padri amesema anabaki hapa hapa!"

Walimu wakapiga makofi. Paroko akamtazama Padri, na Bi Kengele naye akageuka kumtazama, ili wafurahi pamoja.

Padri hakuwa amefurahi. Alikuwa amekaa wima kuliko siku zote, midomo imefungwa, na mkono wake, ule uliorudi kwa shida, alikuwa ameusogeza taratibu mpaka ukafika nyuma ya mgongo, kati yake na mbao za kiti. Vidole vilikuwa vimekutana kana kwamba vimeshika kipande cha chaki.

Bi Kengele alihisi uso ukimuwaka. Amesema! Amesema saa ngapi? Mzee huyu hajatamka neno la kwake tangu juma lililopita, na yeye, mwanafunzi wake, mwalimu mkuu mzima, amemjibia mbele ya watu, kwa makofi.

"Nyamazeni," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza wengi wao kumsikia akisema kwa sauti ya chini, na wakanyamaza kwa mshangao. "Nyamazeni nyote, na mimi mwenyewe. Angalieni mkono wa Baba."

Wakaangalia. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mmoja mmoja, wazee wenye wajukuu, mmoja na mkongojo wake, waliufuata ukuta wakajipanga, mikono nyuma ya mgongo, kama siku zile ghalani. Sista alitaka kucheka, akaona hali hairuhusu.

"Mwanangu," Bi Kengele akamwambia paroko, "muulize tena. Yeye, si sisi."

Paroko akachuchumaa mbele ya kiti. "Baba, unataka kwenda au unataka kubaki?"

Kikaja kimya. Kilikuwa kirefu, na kwa watu wa aina ile kilikuwa adhabu. Jikoni maji yalichemka yakamwagika motoni, Sista hakwenda. Jasho lilimtiririka Mwalimu Hesabu hadi kwenye kola. Mdomo wa Padri ulifunguka, ukafunga, ukafunguka.

"Na..."

Mwalimu Hesabu akavuta pumzi ya kusema. Bi Kengele akamkanyaga mguu.

"Nata... ka..."

Hakuna aliyepumua.

"Nataka... ku..."

Kubaki! Neno lilikuwa machoni mwa kila mtu, limeiva, linangoja kuchumwa. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Bi Kengele pia, tamu kama sukari, na kulizuia kuliuma kuliko magoti yote mawili. Aliufinya mkono wake mmoja kwa mwingine huko nyuma ya mgongo na akangoja.

"...kwenda," alisema Padri.

Chumba kilishusha pumzi.

"Kwenda wapi, Baba?" Mwalimu Hesabu alishindwa. "Kwenda chooni?"

Padri akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa cha upande mmoja wa uso, lakini kilikuwa kicheko kamili, cha kwanza tangu augue, na kikawaambukiza mpaka paroko. Kilipokwisha, akainua kidole, kama wa kusema bado sijamaliza, na safari hii hata Mwalimu Hesabu alitulia.

"Kwenda... ku... jifunza."

Bi Kengele alitoka akaenda jikoni, akalia akiwa ameshikilia meza. Sista alimfuata, akaondoa sufuria motoni, akamwekea kiti.

"Umefanya vema, dada."

"Nilitaka abaki, Sista. Usidhani nimefanya vema kwa kupenda. Nilitaka abaki kwa ajili yangu."

"Najua. Ndiyo maana nasema umefanya vema."

Kesho yake, misa ilipokwisha, gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya kanisa, na walimu wamelizunguka kana kwamba wanafunzi wa bweni wanarudi makwao. Padri aliketishwa kiti cha mbele, koti limefungwa vifungo vyote. Kila mtu alimshika mkono, kila mtu akasema maneno mafupi ya kuaga. Bi Kengele alisubiri mpaka mwisho, akasogea dirishani.

Ni lazima niseme kwamba Padri huyu alikuwa na kasoro moja kubwa: hakushukurika. Ukimwendea na shukrani alikukatiza njiani. "Darasa lako umeliacha na nani?" angekuuliza, nawe ukajikuta unarudi kazini na asante yako mkononi, haijafunguliwa. Alifanya hivyo kwa kila mtu, maisha yake yote. Leo alifungua mdomo ili amkatize Bi Kengele, akatafuta neno, neno halikuja upesi, na Bi Kengele akaiona nafasi.

"Baba, leo utanisikiliza," alisema, na hakuipandisha sauti. "Mimi shuleni nilikuwa nachelewa kujibu. Nilikuwa najua, ila nilichelewa. Nikachapwa, nikachapwa, mpaka nikaacha kusema. Nyumbani wakadhani nina kasoro. Siku niliyokuja kuomba nafasi ghalani kwako ulinitazama ukaniuliza kwa nini nataka kuwa mwalimu, nikakaa kimya. Katibu wako akakohoa, akasema, Baba, binti huyu ni bubu, tuite mwingine. Hukumjibu. Hukuangalia saa. Uliweka mkono nyuma, ukaningoja, kama vile siku hiyo hukuwa na kazi nyingine duniani. Hakuna mtu aliyewahi kuningoja, Baba. Si mama yangu, Mungu amrehemu. Nikasema, nataka kufundisha watoto wanaochelewa. Ukasema, anza kesho. Na tangu siku hiyo sijanyamaza."

"Hilo tunalijua," alinong'ona Mwalimu Hesabu, akifuta macho.

"Watoto niliowangoja mimi, sasa wengine ni walimu, nao wanawangoja wa kwao. Yote hayo ni yako. Asante. Asante sana, Baba. Nimekaa nayo miaka yote hii."

Padri alimtazama. Macho yake yalikuwa yamejaa, na mdomo ulianza ile kazi yake ngumu. Dereva, ambaye hakujua habari za watu hawa, aligusa ufunguo. Paroko akamshika mkono. Uwanja mzima wa walimu, watu wasioweza kuvumilia kimya, ulisimama bila kikohozi.

"Ni..." alisema Padri. "Nime..."

Wakangoja.

"Nimepokea."

Bi Kengele aliinamisha kichwa dirishani, akawekewa mkono, akabarikiwa. Kisha dereva akaruhusiwa kuwasha gari.