Shangazi Kioo Achagua Gari

Gereji nzima ilimwita Kioo, na jina hilo hakulipata kwa uzuri wa sura. Alilipata kwa sababu gari likishatoka mikononi mwake, mtu angeweza kusimama kando ya mlango akachana nywele bila kukosea njia. Miaka thelathini na mmoja alipaka rangi magari ya watu. Wanaume waliofika wakicheka kumwona mwanamke ameshika bunduki ya rangi, waliondoka wakijikagua meno kwenye boneti zao wenyewe.

Sasa mapafu yalikuwa yamechoka. Daktari alimwonyesha picha ukutani akamwambia bila kuzunguka: bunduki ya rangi, basi. Ule ukungu wa rangi anaouvuta, hata akiziba pua namna gani, haumpi miaka miwili mingine. Kioo alisikiliza vizuri, akashukuru, akaaga. Wiki iliyofuata akakutwa ndani ya chumba cha rangi, ovaroli mwilini, anapuliza bampa. Sikio la kufa halisikii dawa.

Aliyemkuta ni binti wa kaka yake, mwalimu wa hesabu. Kioo ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka sita, kwa hiyo alikuwa mtu pekee aliyethubutu kumzimia kompresa akiwa katikati ya kazi. Walizozana mpaka mafundi wakapunguza redio wasikie vizuri.

Mwisho wakaafikiana. Mwalimu alikuwa amesikia habari za duka linalouza magari madogo ya mbio, yale ya kuunda mwenyewe mezani kwa vipande, gari moja likikamilika linatosha juu ya viganja viwili. Kioo alikubali kwenda mara moja tu, siku ya Jumamosi.

"Nikiona gari linalostahili mkono wangu, nitatulia nyumbani kama mnavyotaka," alisema. "Nisipoliona, Jumatatu narudi kazini, na wewe usinifuate tena na kilio chako."

"Sikulia mimi, Shangazi."

"Ulilia. Mpaka kamasi."

Mwalimu si mtu wa kwenda mtihani bila kujiandaa. Alhamisi alitangulia dukani peke yake, akachagua kabisa, akaomba kisanduku kiwekwe pembeni. Kilikuwa na gari jekundu la plastiki, vipande ishirini na vinne vya kubana kwa vidole, gundi haitakiwi wala rangi haitakiwi, kwa kuwa wekundu ulikuwa ndani ya plastiki yenyewe. Alifikiri hivi: kinachomuua Shangazi ni rangi, toa rangi, abaki Shangazi. Hesabu ilikuwa safi. Tatizo ni kwamba hakumuuliza Shangazi mwenyewe kitabaki nini ukitoa rangi.

Duka lilikuwa jembamba na refu, visanduku vimepangwa mpaka darini, kila kimoja na picha ya gari linalokimbia. Mwisho kabisa palikuwa na kabati la kioo lenye magari yaliyokwisha kuundwa. Mwenye duka, mzee aliyepandisha miwani kwenye paji la uso na kuisahau huko, alileta kile kisanduku chekundu kwa heshima zote.

Kioo alitoa bodi ya gari, akaigeuza kwenye mwanga.

"Nani kalipaka?"

"Halikupakwa, mama. Limezaliwa hivyo."

"Sasa mimi mnataka nilifanye nini? Nilipigie makofi?"

Akairudisha bodi ndani, akafunika. Mwalimu alitazama saa. Dakika tano hazijaisha, na Jumatatu imeshasogea.

Mwenye duka alikuwa muungwana. Akaleta lingine, na lingine. La pili lilikuwa na pua bapa, Kioo akasema linafanana na mkwe wake mmoja ambaye hakuwahi kumpenda. La tatu alilishika kwa muda. Alifumba macho, akapitisha vidole ubavuni polepole, kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma, vile vile alivyofanya miaka yote gari likiingia gereji. Kisha akafumbua.

"Hili limegongwa."

Mwenye duka akacheka. "Mama, hili nimelifungua sasa hivi mbele yako."

"Limegongwa upande wa kushoto, nyuma ya mlango. Mwulize aliyekuuzia."

Akaliweka juu ya kioo cha kaunta, akaligusa kona kwa kidole kimoja. Likatikisika kama meza ya mkahawa wa bei rahisi. Mwenye duka akatafuta miwani mfukoni, kisha mezani, kisha Mwalimu akamwonyesha ilipo. Alipima kwa rula pande zote mbili. Plastiki ilikuwa imejipinda kiwandani ikiwa bado moto, upana wa unywele, palepale aliposema. Hakucheka tena. Alileta kiti akamkalisha mgeni wake.

Mwalimu naye alikuwa anatazama. Tangu utoto alijua Shangazi ni bingwa, lakini alijua kama mtu anavyojua kwamba maji yanachemka: ni jambo la kila siku, nani analishangaa? Leo, mbali na gereji, kati ya visanduku vya watu wengine, aliuona ule mkono kwa mara ya kwanza. Ulikuwa na makovu, kucha zimekatwa fupi kabisa, na ulikuwa unaona. Akajisikia fahari, na papo hapo akaogopa, maana mkono kama ule nani ataukataza kazi?

Mwenye duka alikwenda kabatini akarudi na gari la buluu, amelishika kwa vidole vya mikono miwili. Aliliunda mwenyewe. Lilishinda nafasi ya kwanza kwenye maonyesho ya waunda magari madogo, na cheti kilikuwa pale ukutani.

"Chema chajiuza," alisema. "Tazama mwenyewe."

Kioo alilitazama muda mrefu. Lilikuwa linang'aa kweli kweli.

"Kazi nzuri," alisema. "Ila rangi nene. Mlango huu haufunguki tena. Umepaka gari dogo kwa rangi ya gari kubwa, mwanangu. Ni mtoto aliyevaa koti la baba yake."

Mzee aliyeitwa mwanangu alichukua lenzi akainama. Ule mfereji mwembamba unaozunguka mlango ulikuwa umejaa rangi, karibu kufutika. Miaka minne lilikaa kabatini, watu mia wamelisifia, na hakuna aliyesema. Wengine wangekasirika, yeye uso ulimchangamka kama mtu aliyepata wa kuzungumza naye baada ya kukaa kisiwani.

"Subiri," alisema, na kwa wema wake wote akaenda kuharibu mambo.

Alirudi na bunduki ya rangi. Ilikuwa ndogo, nene kama kalamu, na kikombe chake cha rangi kilikuwa sawa na kifuniko cha chupa. "Hii ndiyo wanayotumia mabingwa. Ukungu wake ni mwembamba, hauzibi mifereji."

Kioo aliishika, na kidole kikaenda chenyewe penye kitufe. Akakaa wima. Mwalimu hakuwa ameuona uso ule tangu siku ya daktari. Ni uso wa mtu aliyefika nyumbani akakuta mlango haujafungwa.

"Hii hata moshi haina," Kioo alisema, bila kumtazama mtu.

"Inao," alisema Mwalimu.

"Kidogo."

"Daktari hakusema kidogo." Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Shangazi, chukua unachotaka, mimi sikuzuii tena, umenizidi nguvu. Lakini ujue. Wewe ndiye mama niliyebaki naye. Nataka uishi, basi. Sina hoja nyingine."

Mwenye duka aligundua kwamba kuna visanduku vya kupanga upande wa pili. Kioo alitaka kujibu, kikohozi kikamtangulia. Kilikuwa kile kirefu, cha kumkunja mtu. Kilipoisha alifuta macho, akaitazama bunduki ile mkononi, akailaza kaunta.

"Asiye na hii anapaka na nini?" aliuliza.

"Brashi," mwenye duka alijibu kwa mbali. "Na rangi za maji, hazina harufu wala ukungu. Lakini brashi huacha michirizi, mama. Ni wachache mno waliowahi kuipaka bodi nzima ikatoka laini. Mimi nilijaribu mwaka mzima nikashindwa."

"Brashi ni ya mageti," alisema Kioo.

Lakini alikuwa ameinua macho kwenye rafu ya juu. "Na lile?"

Mzee alisitasita. Lile watu hulinunua wakalirudisha. Lilikuwa gari la zamani la mbio, la viti viwili, boneti ndefu, jeupe pee. Kioo alilizungusha. Mgongo wake ulishuka hadi nyuma kwa mkunjo mmoja, hakuna kona, hakuna mstari wa chuma wa kuficha kosa, hakuna mahali bapa pa kupumzishia mkono.

"Aliyelichora huyu alikuwa na adabu," alisema polepole. "Hili halina pa kujificha." Alipitisha kidole gumba mgongoni, mara mbili, akatabasamu peke yake. "Nipe hili. Na brashi."

"Hili, kwa brashi? Mama, anza na jepesi."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nipe ile nyembamba zaidi."

Njiani Mwalimu hakushangilia. Kununua si kutulia. Akishindwa, ataona aibu. Akiona aibu, atarudi kule ambako hashindwi.

Na Jumapili alishindwa. Walikaa kwenye meza ya jikoni, gazeti limetandikwa, dirisha wazi. Kioo alichovya, akapitisha brashi kwenye paa la gari, na rangi ikatoka na michirizi kama ukuta uliopakwa na mtoto wa chekechea. Aliosha. Akarudia, akaosha. Mara ya tisa michirizi ilikuwa ile ile, na Mwalimu aliondoka kabla ya jua kuzama akiwa hana amani.

Jumatatu alipita kwa Shangazi kabla ya kwenda shule. Alisukuma mlango akitarajia nyumba tupu. Kioo alikuwa mezani, miwani puani, kikombe cha chai kimepoa pembeni. Paa la gari lilikuwa bado na michirizi, na ubavu pia. Ila mwanzoni mwa boneti palikuwa na sehemu ndogo, sawa na ukucha wa kidole gumba, iliyotulia kabisa. Dirisha lilionekana ndani yake.

Simu ililia. Alikuwa mwenye gereji, na kwa kuwa hupiga kelele hata akinong'ona, Mwalimu alisikia kila neno. Kuna mteja ameleta gari jeusi, hataki mwingine ila Kioo, kompresa imeshawashwa.

"Siji," alisema Kioo.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nina gari hapa."

"Basi limalize, tutakusubiri mchana."

Kioo aliitazama ile boneti, akaigeuza kidogo kwenye mwanga.

"Msinisubiri," alisema. "Hili bado sijaliweza."

Mwalimu alibaki mlangoni na begi lake. Ilikuwa miaka ishirini na minane tangu mwanamke huyu aanze kumlea, na neno hilo hakuwahi kulisikia kinywani mwake, si kwa gari, si kwa mtu, si kwa ugonjwa. Sasa alimwambia mwenye gereji mwenyewe, na mkono wake ulikuwa umesharudi kwenye brashi.

"Umeganda nini hapo?" Kioo alisema bila kuinua kichwa. "Watoto wanakungoja. Nibadilishie maji haya kwanza."