Wimbo wa Kuogea

Maji yakimgusa kabla ya wimbo, Bi Dulcie alipiga kelele kama anayechunwa ngozi. Kwa hiyo Goreth hakufungua bomba kwanza. Alipiga magoti kwenye vigae, akangoja. Kikongwe yule, uchi juu ya kiti cha kuogea, aliinua kidole kilichopinda kwa yabisi, akawahesabia wapigaji ala wasiokuwepo, kisha akaanza. Ndipo maji yalipofunguliwa. Wimbo ukiisha, keshaoga hadi nyayo.

Sauti ilikuwa imebaki uzi, lakini uzi haukatiki.

“Nilisimama mbele ya bendi nzima, matarumbeta nyuma yangu,” alimwambia Goreth akimfuta. Wakati wa vita askari walijaa ukumbini, wakacheza mpaka kuta zikatoa jasho. Santuri ya sauti yake ikatoka na jina la kiongozi wa bendi peke yake. Alipoolewa, kiongozi huyo akamwambia, “Mke wa mtu hauzi tiketi, mpenzi,” na Jumamosi ile ile msichana mwingine akapanda jukwaani na gauni lake. Yeye akaenda kufungasha biskuti kiwandani mpaka nywele zikageuka mvi.

“Hata gauni, Bibi?”

“Lilikuwa la bendi.”

Korona ilipoingia Liverpool, kitongoji cha Sydney, kuimba ndani ya nyumba ile ya wazee kukapigwa marufuku. Ya bafuni hakuna aliyeyajua. Lakini Goreth alilelewa kwamba hata jikoni kwa mama yako huingii bila hodi. Akaenda kwa meneja, mikono imeshikana mbele, kuomba Bi Dulcie aimbie uani kwenye hewa kabla ya kuogeshwa.

“Kwani anaimba?” meneja aliuliza.

“Ndiyo, mama. Bila wimbo haogi.”

“Na wewe unamwacha akupumulie usoni?” Hakupandisha sauti. “Hapana, mpenzi. Daktari atampa kitu cha kumtuliza.”

“Mama, yule ametulia. Anataka wimbo tu.”

“Wewe ni wa shifti za kuitwa, sivyo?”

Goreth akatoka. Huko Minto, kitongoji walikoishi, mama yake alikuwa amesimamishwa kazi ya usafi tangu mji ufungwe. Sufuria ya nyumbani ilichemka kwa shifti hizo.

“Sasa nani alikutuma kuuliza?” Kawira, Mkenya aliyefanya naye kazi, alitupa taulo ndooni. “Si ungefunga tu mlango mwendelee? Hawa ukiwapigia hodi, wanatia komeo! Aki, heshima yako itatumaliza.”

Kidonge kilifanya kazi. Bi Dulcie alioga kimya, kidevu kifuani, maji yakimgusa popote yalipotaka. Siku moja Goreth alijaribu kumwanzishia wimbo nyuma ya maski. Kidole kilitikisika pajani, kikalala.

Mwezi haukuisha, picha ya ujana wa Bi Dulcie iliyokuwa kando ya kitanda chake ikakuzwa, ikatundikwa ndani ya mlango mkuu, mahali ambapo jamaa waliokatazwa kuingia waliweza kuiona kupitia dirishani. Msichana wa gauni linalometa, kinywa wazi mbele ya kipaza sauti. Chini yake maandishi ya dhahabu: *Hapa tunatunza sauti zao.* Kazi ya kuipangusa kila asubuhi akapewa Goreth.

“Hapo mdomoni,” meneja alisema akipita. “Kuna alama.”

Goreth akafuta. Kisha akasukuma kiti cha Bi Dulcie mpaka bafuni, akamfuta udenda, akafungua bomba bila kungoja.